Asante ya baada ya kazi nayo ni hongo

Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi zifike Chongoleani, wafanyabiashara wengi wa Tanga wamekutana na fomu ambazo wazazi wao hawakuzijua. Mwenye magari ya kukodisha, mama mwenye kampuni ya chakula, fundi wa viyoyozi: kila anayetaka tenda anaulizwa kwa maandishi kama yeye au mfanyakazi wake amewahi kutoa hongo. Wengi hujibu hapana, na hujibu kwa moyo safi, kwa kuwa wanaamini hongo ni pesa inayotangulia. Ile inayofuata, mzigo ukishatoka bandarini au ankara ikishalipwa, wanaiita asante. "Kazi alishaifanya, mimi nimemshukuru tu." Nimeisikia kauli hii Ngamiani na Chumbageni, na majuzi nikaisikia kwa mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha maadili wafanyakazi wapya wa kampuni. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Hongo, kwa kifupi, ni manufaa yoyote anayoomba, anayopokea au anayoahidiwa mtu aliyeaminiwa kazi ya mwingine, kwa ajili ya jambo analolitenda au kuacha kulitenda katika kazi hiyo. Manufaa si lazima yawe fedha. Ada ya shule ya mtoto, nafasi ya ajira kwa mpwa, tiketi ya safari, vyote vimo.

Sasa hilo neno "baada". Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ile iliyoizaa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kinataja manufaa yanayotolewa kama kishawishi na yanayotolewa kama malipo ya jambo ambalo limekwisha kufanyika. Ukitoa kabla umo, ukitoa baada umo. Na sababu yake anaijua yeyote aliyewahi kufuatilia mzigo. Karani aliyezoea asante anawafahamu wanaoleta na wasioleta. Hatamwomba mtu kitu wala hatataja bei, lakini karatasi za yule asiyeleta zitakaa chini ya nyingine mpaka gharama za kuhifadhi mzigo zimwelemee. Asante ya mzigo wa kwanza imeshafungua njia ya mzigo wa pili, kwa hiyo hata hiyo "baada" ni "kabla" ya safari inayofuata. Wanaoumia ni wenye mitaji midogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kifungu hichohicho hakiishii kwa mtumishi wa serikali. Kinamgusa kila mwenye kutenda kwa niaba ya mwingine, pamoja na afisa manunuzi wa kiwanda binafsi anayepokea bahasha ili achague msambazaji fulani. Mali ni ya tajiri wake, uamuzi ni wa tajiri wake, yeye ameaminiwa tu.

Watu wa pwani hunijibu kwamba sisi ni watu wa ukarimu, na hatuwezi kuacha mila kwa ajili ya fomu. Hoja hiyo nchi ilishaipitia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliwekewa vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa desturi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba, kwani vilimbeba mgombea mwenye fedha na kumwacha asiye nazo. Ukarimu haukufutwa siku ile. Ubani bado tunapeleka msibani, na bibi harusi bado anatunzwa, vyote mbele za watu, na atakayepewa ni jirani au ndugu, awe na cheo au asiwe nacho. Kilichokataliwa ni kutumia jina la ukarimu kupata upendeleo.

Fomu zenyewe zina asili yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inaitia kampuni hatiani kwa kushindwa tu kuzuia hongo inayotolewa na watu wanaoifanyia kazi, isipokuwa ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuizuia. Kosa hilo lilipotumika kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, lilihusu nchi yetu: Standard Bank ya London ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka kuhusu dola milioni 6 zilizolipwa na kampuni dada yake hapa Tanzania kwa kampuni nyingine ya hapahapa, katika mkopo wa serikali wa dola milioni 600. Sehemu ya fedha ilizolipa ilikuwa fidia kwa serikali ya Tanzania. Ufaransa nayo, tangu sheria yake ya mwaka 2016, inazitaka kampuni zake kubwa ziwachunguze wanaoshirikiana nazo kibiashara. Ndiyo maana mama wa chakula anayeomba tenda kwenye miradi ya kampuni kama hizo anaulizwa. Wapo wanaosema Marekani inaruhusu malipo madogo ya kuharakisha huduma. Ni kweli sheria yao ya mwaka 1977 ina msamaha huo, ila sheria yetu haina.

Kuna asante nyingine ambayo watu hawaihesabu kabisa. Karani wa mapokezi anampa rafiki yake orodha ya namba za simu za wateja, na rafiki anamtumia pesa kwenye simu. Hapo zimevunjwa sheria mbili. Kwanza ni hongo, maana ametumia kazi ya mwajiri wake. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa iliyokusanywa kwa shughuli moja isipelekwe kwenye nyingine bila ridhaa ya mwenyewe, na kuitoa isivyo halali ni kosa. Wateja waliacha namba zao ili wapigiwe majibu ya vipimo au waambiwe mzigo umefika.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeijaza fomu, usijiulize pesa ilitoka kabla au baada. Jiulize kama ungempa yule bwana asingekuwa kwenye kile kiti. Na kama kweli amekuhudumia vizuri, mwandikie mkuu wake barua, umtaje kwa jina.