Ndoo moja, majina manne: safu ya pande mbili kwenye Python

"Mwalimu, nimeandika maziwa ya bibi peke yake, lakini kompyuta inasema wameleta wote wanne."

Aliyeniambia hivyo ni mwanafunzi wangu hapa Mbeya, binti wa Tukuyu, akiwa wiki ya tatu tangu aanze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Zoezi alilichagua mwenyewe. Nyumbani kwao kuna daftari la lita za maziwa ya wafugaji wanne: majina yanashuka upande wa kushoto, siku saba zinakwenda kulia. Alitaka kulihamishia kwenye kompyuta, na bibi yake ni wa pili kwenye orodha. Akaandika:

maziwa = [[0] * 7] * 4
maziwa[1][0] = 8
print(maziwa)

Alitegemea kuona 8 moja. Zikatoka nne, kila mstari ukianza na 8.

Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi wengi sana, na lawama naiweka kwetu tunaofundisha. Tunawaambia kwamba safu ya pande mbili ni jedwali, basi. Lakini orodha za Python hazijui jedwali. Kuna orodha, na ndani ya kila nafasi yake kuna orodha nyingine. maziwa[1] ni orodha kamili ya siku saba, unaweza kuichukua ukaenda nayo. [0] inayofuata inaingia ndani ya orodha hiyo. Ndiyo maana mfugaji anatangulia na siku inafuata. Na kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, maziwa[1][0] ni mfugaji wa pili, siku ya Jumatatu.

Sasa ile alama ya nyota. [0] * 7 haina shida: ukiandika 8 unatoa sifuri kwenye nafasi moja na kuweka namba nyingine, nafasi sita zilizobaki haziguswi. Shida ni * 4 ya nje. Haitengenezi orodha nne, inaielekeza kompyuta kwenye orodha ileile mara nne. Ni kama kubandika majina ya wafugaji wanne kwenye ndoo moja. Ukimimina lita nane kwa jina la bibi, kila mwenye jina pale ana lita nane. Nilimwambia ajaribu print(maziwa[0] is maziwa[3]). Ikatoka True, yaani ni kitu kilekile.

Dawa yake:

maziwa = [[0] * 7 for mfugaji in range(4)]

Hapa range(4) inazungusha kazi mara nne, na [0] * 7 inatekelezwa upya kila mzunguko, kwa hiyo kila mfugaji anapata ndoo yake.

Ukishaelewa hivyo, jambo lingine linajieleza. Jumla ya wiki ya bibi ni rahisi, sum(maziwa[1]), kwa sababu wiki yake ni orodha. Jumla ya Jumatatu si rahisi hivyo, maana hakuna mahali popote palipo na orodha ya Jumatatu. Lazima upite kwa kila mfugaji ukachukue namba yake ya kwanza:

sum(mstari[0] for mstari in maziwa)

Wengi hujaribu maziwa[:][0] wakidhani watapata Jumatatu. Huu ni mtego mbaya, kwa sababu haulalamiki. maziwa[:] inanakili orodha ya nje tu, kisha [0] inakupa mfugaji wa kwanza, wiki yake nzima. Unajumlisha, jibu linatoka, na si lile uliloliuliza.

Binti akajaza namba zote kutoka kwenye picha ya daftari aliyoipiga kwa simu. Kisha akaniambia ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni, na angependa kuzitenganisha. Nikanyamaza nione kama atarudia nyota. Akafikiri kidogo, akaandika:

maziwa = [[[0, 0] for siku in range(7)] for mfugaji in range(4)]
maziwa[1][0][1] = 3

Lita tatu za jioni zikakaa kwa bibi, Jumatatu, peke yake.