Leseni ya gari dogo na tela la tani 3.5: Uingereza imeruhusu nini hasa?

Wengi wanaoendesha pikapu Uingereza husema: "Tangu 2021 leseni ya gari dogo inatosha, funga tela uondoke." Hilo ni nusu ya kweli. Tarehe 16 Desemba 2021, England, Scotland na Wales ziliondoa mtihani wa ziada uliowabana waliopata leseni kuanzia Januari 1997. Sasa daraja B, yaani leseni ya gari dogo, linaruhusu tela la hadi kilo 3,500. Lakini leseni ni yako wewe, haiongezi nguvu za gari.

Fungua mlango wa pikapu utafute kibati cha mtengenezaji chenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Uzito wa kwanza ni wa gari likiwa na mzigo, wa pili ni wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme vimeandikwa 3,200 na 6,000: ukijaza bodi mpaka ukomo, tela libaki kilo 2,800, hata kama tangazo la gari lilisema 3,500. Hapo ndipo watu hunaswa. Na leseni huangalia uzito wa juu ulioidhinishwa wa tela, liwe tupu au limejaa.

Usajili nao huchanganya. Tela la kawaida la ndani ya nchi halisajiliwi, ila nyuma lazima libebe namba ya gari linalolivuta. Ukibadilisha gari, badilisha kibao cha namba. Usajili wa lazima unahusu baadhi ya matela yanayovuka kwenda nje, mfano ya biashara yanayozidi kilo 750. Uzito huohuo ukizidi, breki za tela ni lazima.