Mdudu wa unga na mama wa mabinti wanne

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Tabora aliniletea debe la mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Kazi yangu ni wadudu wa ghala, na dumuzi tunamfahamu vizuri mkoani kwetu, kwani aligundulika huku mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulipokuwa tunachekecha, mama akanisimulia yanayomsibu. Ana mabinti wanne, na ukweni wanamshauri mumewe atafute mwanamke "anayezaa wanaume".

Nikamwambia jibu la jambo lake lilipatikana kwa mdudu wa ghala, na aliyelipata ni mwanamke.

Nettie Stevens alizaliwa Marekani mwaka 1861. Alifundisha shule, akadunduliza fedha, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 35. Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kwamba chakula au joto ndilo linaloamua jinsia ya mtoto. Stevens alichukua buu wa unga, ambaye akikomaa huwa mbawakawa, akapaka rangi seli zake na kukaa kwenye hadubini akihesabu kromosomu, yaani vijiti vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi. Seli za jike zilikuwa na kromosomu 20, zote kubwa. Za dume pia zilikuwa 20, lakini 19 kubwa na moja ndogo sana.

Hako kadogo mtu mwenye haraka angekadhania uchafu wa kioo. Yeye alikafuatilia hadi kwenye mbegu za dume, akaona ni za aina mbili: nusu zina kubwa 10, nusu zina kubwa 9 na hako kadogo. Mayai yote yana kubwa 10. Yai likipata mbegu ya aina ya kwanza, anatokea jike. Likipata ya pili, dume. Alichapisha hayo mwaka 1905. Kromosomu hiyo ndogo leo tunaiita Y, na kwa binadamu nayo hutoka kwa baba, ambaye naye hana uwezo wa kuchagua.

Mwaka huohuo mtafiti mwingine wa Marekani, Edmund Wilson, alifikia matokeo yanayofanana kwa wadudu wengine, na kwa muda mrefu sifa ikamwendea yeye. Stevens alifariki mwaka 1912 kwa saratani ya matiti. Chuo cha Bryn Mawr kilikuwa kimemtengea nafasi ya profesa mtafiti, hakuwahi kuishika.

Namkumbuka pia Marthe Gautier, daktari wa Paris, ambaye naye sifa ilimpita. Mwaka 1958 alikuza seli za watoto wenye ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, hata akitumia damu yake mwenyewe kuzilisha, akaona kromosomu 47 badala ya 46 za kawaida. Maabara yake haikuwa na hadubini ya kupigia picha, hivyo mwenzake Jérôme Lejeune akachukua vioo vyenye seli hizo akavipige picha. Makala ilipotoka Januari 1959, jina la Lejeune lilitangulia. La Gautier lilikuwa la pili, tena limekosewa herufi.

Hili linaniuma kwa sababu nalisikia hadi leo: anayeandaa vioo na kuhesabu anaitwa msaidizi, anayeeleza anaitwa mgunduzi. Bila hesabu ile ya Stevens hapakuwa na cha kueleza.

Mama alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo, mtaalamu, yai langu halina kosa?"

"Halina, mama."

Akaniomba kalamu na karatasi, nimwandikie jina la yule mwanamke na mwaka, apeleke ukweni.