Kukagua Milango ya Mtaani: Maelekezo kwa Wanaojitolea Ulinzi Shirikishi

Kufuli kubwa mlangoni humpa mwenye duka usingizi, lakini mwizi haliangalii. Anaangalia pete iliyolishika. Kama pete imefungwa kwa skrubu ambazo vichwa vyake viko nje, bisibisi ya bei ya soda inatosha, na kufuli litaondoka likiwa zima.

Udhaifu wa namna hiyo ndio mkaguzi anaoutafuta. Vikundi vya ulinzi shirikishi vimezoea doria ya usiku, ila ukaguzi ni kazi ya mchana. Kukutwa usiku na zana za kuvunjia bila sababu halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kelele za "mwizi!" zikishapigwa hakuna atakayesubiri usome barua ya mwenyekiti. Nendeni wawili, mkiwa na ruhusa ya maandishi ya anayeishi humo na ya mwenye jengo, serikali ya mtaa ikijua siku na saa. Tepu, tochi, bisibisi na karatasi vinatosha. Kufungua kitasa kwa waya si sehemu ya kazi hii.

Anza na fremu ya mlango. Fungua skrubu moja ya kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Ikiwa na urefu wa sentimita 2, imeshika ubao tu, na teke moja litaupasua. Weka za inchi 3 zinazofika ukutani. Funga mlango, kisha pima nafasi kati yake na fremu: ikizidi milimita 5, mtaimbo unaingia. Ulimi wa kitasa utoke angalau milimita 20. Bawaba zikiwa nje, pini zake huchomolewa kwa nyundo na msumari, hivyo fundi wa kuchomelea azizibe ncha.

Maduka ya fremu, yaani vyumba vya biashara vilivyopangana chini ya bati moja, yana ugonjwa wao. Kuta zinazotenganisha fremu mara nyingi huishia usawa wa dari, hazifiki kwenye bati. Anayeingia fremu ya jirani iliyo tupu hupanda juu ya dari, akatembea kwenye kenchi na kushukia kwako, huku shata la mbele halijaguswa na mlinzi amekaa palepale. Kwa hiyo ombeni ubao mmoja wa dari ufunguliwe, mmulike tochi. Penye uwazi pajengwe tofali hadi juu, au nondo zichomelewe kama wavu na kufungwa kwenye ukuta. Wenye fremu hulalamikia gharama hii kuliko zote. Waelezeni kwamba ukuta mmoja unawalinda wawili, wachangiane.

Madirishani, nondo ziwe za milimita 12, zimezama ukutani, na nafasi kati yake isizidi sentimita 12. Zitikise moja moja: iliyochomelewa kwa doa tu italia. Vioo vya luva huchomolewa kimoja kimoja, na wavu wa mbu hukatwa kwa wembe, kisha suruali yenye simu ikavuliwa kwa fimbo kama samaki. Hapo dawa ni kuhamisha kamba ya nguo na kitanda, na haina gharama.

Matokeo andikeni nakala moja, mkabidhi mhusika mkononi. Picha ya mlango mbovu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni ramani kwa mwizi.

Jaribio la mwisho ni la moto, maana nyumba iliyozibwa kila upande huwafungia watu ndani. Angalau grili la dirisha moja la chumba cha kulala lifunguke kutoka ndani, funguo ikining'inia mahali ambapo fimbo kutoka dirishani haifiki. Zimeni taa, fungeni mapazia, mumwombe kila anayelala humo alifungue, watoto wakubwa nao. Akipapasa zaidi ya dakika moja, funguo ihamishwe na ajaribu tena kabla hamjaondoka.