Shamba la wazi: mfano wa kijiji cha Laxton

Shamba la wazi ni eneo kubwa la kilimo lisilo na ua ndani yake, lililokatwa vipande virefu na vyembamba vya wakulima mbalimbali. Wengi hudhani ni shamba la ujamaa. Sivyo: kila kipande kina mkulima wake, naye huvuna chake. Kinachoshirikiwa ni kalenda ya kupanda na ulinzi wa mipaka.

Mfumo huu ulitawala sehemu kubwa ya Uingereza ya kati tangu Zama za Kati, hadi sheria za kugawa upya ardhi na kuizungushia ua, hasa za karne ya 18 na 19, zilipoufuta karibu kote. Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire, bado kinaufuata.

Ukifika utaona nyumba za wakulima zimepangana kando ya barabara badala ya kutawanyika mashambani. Ni lazima ingekuwa hivyo, kwani ardhi ya mtu mmoja ilikuwa huku na kule. Ramani ya mpima ardhi Mark Pierce ya mwaka 1635 inaonyesha vipande zaidi ya 2,000. Baadaye viliunganishwa, na vya leo ni vichache na vikubwa zaidi.

Mashamba ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kwa zamu, kila moja hupandwa ngano kabla ya baridi kali, mwaka unaofuata zao la majira ya kuchipua, kisha hupumzishwa. Siku hizi mwaka huo wa tatu aghalabu huwa wa majani ya mifugo.

Udhaifu wake ni mpaka. Pasipo ua, anayelima mfuo mmoja zaidi kila msimu humeza njia au ardhi ya jirani bila kelele. Kwa hiyo kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza hukagua shamba lililopandwa ngano, hupigilia vigingi palipovukwa na kuangalia mitaro iliyoziba, maana udongo ule ni wa mfinyanzi na maji yakituama ngano huoza. Wiki moja baadaye baraza liitwalo Court Leet hutoza faini. Fedha yenyewe ni kidogo. Kinachouma ni kutajwa mbele ya majirani.