JPEG ya kwaliti ya juu si sawa na RAW kwa picha za nyota

Wengi wanaamini ukiweka JPEG (faili la kawaida la picha, lililobanwa na kamera) kwenye kwaliti ya juu kabisa inatosha kwa picha za nyota, RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) inajaza tu memori kadi. Kwa picha za mchana mara nyingi hata huoni tofauti. Ila anga la usiku karibu kila kitu kimejibana kwenye giza, na JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi wakati RAW ya biti 14 ina 16,384, sasa ukianza kuvuta ule mwanga hafifu wa nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ndo JPEG inatoa mabakamabaka, tena kamera inaweza kuwa ishafuta vinyota vidogo ikidhani ni chenga (vile vidoadoa vya picha za gizani). Kuigeuza hiyo JPEG iwe TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora) baadaye hakurudishi kitu.

Jaribu mwenyewe, weka kamera irekodi RAW na JPEG kwa pamoja, piga kundi la nyota la Kilimia, fungua zote kwenye programu ya kuhariri picha, pandisha mwanga kiasi kilekile halafu zumu pale penye giza. Na hata ukishaunganisha picha 16 za sehemu ileile ya anga ziwe moja na chenga zikapungua kama mara 4 hivi, zile RAW usizifute, utataka kuzirudia ukishajua programu vizuri.