Dekani za Misri na theluthi za buruji

Dekani ni makundi 36 ya nyota ambayo Wamisri wa kale waliyatumia kuhesabia siku na saa za usiku. Kila baada ya siku kumi hivi, kundi jingine lilionekana likichomoza mashariki muda mfupi kabla ya jua. Makumi 36 ni siku 360. Siku tano za nyongeza zikakamilisha mwaka.

Ndiyo maana inaniudhi kusoma, kila mara, kwamba mafarao "waligawa kila buruji mafungu matatu". Buruji 12, yaani sehemu za njia ya jua angani kama Simba na Mizani, hawakuwa nazo. Zilitoka Babeli, zikashika mizizi Misri zama za Waptolemayo, wafalme wa asili ya Kigiriki, wakati dekani tayari zimetumika takriban miaka elfu mbili.

Mifuniko ya majeneza ya mbao inashuhudia, hasa ile ya mji wa Asyut, ya karne zilizofuata mwaka 2100 K.K. Upande wa ndani, juu ya uso wa marehemu, pamechorwa jedwali. Kila safu wima ni siku kumi, na mistari 12 ni saa za usiku mmoja. Jina la dekani lililo chini kabisa hupanda mstari mmoja katika safu inayofuata, kisha mwingine, mpaka majina yanakatiza jedwali kwa mshazari. Jedwali lilieleza usiku umefika wapi. Tabia ya mtoto aliyezaliwa usiku huo halikuigusa. Tena lilichakaa haraka: mwaka wao wa siku 365 haukuongezewa siku kila miaka minne, hivyo baada ya miaka 40 jedwali lilikuwa nyuma kwa safu nzima.

Muungano wa dekani na buruji unaonekana kwenye dari la hekalu la Dendera, Misri. Dari hilo lilichongwa yapata mwaka 50 K.K., na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Buruji ziko katikati, dekani 36 zimezunguka ukingoni. Wanajimu walioandika kwa Kigiriki wakaipa kila dekani nyuzi 10 za mzunguko wa buruji, tatu kwa kila buruji, na vitabu vya Kiarabu vikaupokea mgawo huo kwa jina la wajh, yaani uso.

Kwa hiyo anayesema amezaliwa "dekani ya pili ya Simba" anatumia mgawo halali wa unajimu, wa zama za Wagiriki. Aseme tu "dekani za buruji", na zile za kwenye majeneza aziache ziitwe dekani za Misri.